Ile Fa

Ninyi mnamjua kwa mabango. Mimi namjua kwa sufu.
Nyundo za piano huvikwa sufu, na sufu haisemi uongo:
anapopiga kwa nguvu pana kovu,
anapoogopa pamebaki laini kama sikio la mwanakondoo.

Kutaisi, baridi ya mwaka ule wa giza,
umeme saa mbili kwa siku, na si kila siku,
niliitwa shule ya muziki kukaza nyuzi.
Nikamkuta Mzevinari, miaka tisa,
amekalia debe la mafuta ya alizeti lililopinduliwa.
"Kiti kimeliwa na jiko," akasema Bi Lamara,
"na piano itafuata, Machi isipofika."
Glavu zimekatwa ncha. Vidole vyekundu kama figili.

Bi Lamara hakuwa na huruma, alikuwa na sarafu.
Aliilaza juu ya mgongo wa mkono wa mtoto.
Ikianguka, rudia. Ikianguka,
rudia.
Mkono wa kushoto peke yake, mwezi mzima.
Nilimsikia kupitia ukutani nikila mkate wangu:
kipande kilekile, mara sitini,
na mara ya sitini na moja
kikaacha kuwa mazoezi. Nikasahau kutafuna.

Na ile fa.
Ile ya juu kidogo ya katikati haikukaa sawa kamwe,
kigingi kimelegea kwenye mbao iliyopasuka.
Leo naikaza, kesho imeshuka,
inalia kama mlango wa jirani.
Nilimwomba radhi mtoto. Akanijibu,
"Iache. Imeshanizoea."

Kisha akaenda. Tbilisi, halafu Leipzig,
chumba cha chini ya ardhi, namba kumi na nne,
saa tisa kwa siku, supu ya dengu ndani ya chupa.
Mashindano: wa tatu; wa pili; nje raundi ya kwanza;
wa pili tena. Mtu wa pili
hupewa maua na kuulizwa anajisikiaje.
Mshindi akaugua, wakamwita yeye, siku moja kabla,
Rotterdam, gauni la kuazima, pini mgongoni.
Mlango ulifunguliwa na kikohozi cha mwenzake.

Baada ya hapo ni hoteli. Hayo siyajui sana.
Zilikuja postikadi:
"Osaka. Piano ngumu."
"Bergen. Mvua. Nilisahau ukurasa mzima, vidole vikakumbuka."
Kila ukumbini, nasikia, alipima kiti kwa rula,
sentimita thelathini na tano, si zaidi.
Waandishi waliiita siri ya mbinu zake.
Ni debe.

Miaka ishirini na tisa. Kidole cha nne cha kulia
kikaanza kujikunja chenyewe.
Madaktari watatu, majina matatu.
Akaniandikia: nakuja nyumbani, tamasha moja, la mwisho.

Piano ya ukumbi ni mpya, ndefu kama gari la mazishi.
Siku mbili nimeihangaikia,
nyuzi zote zimetulia kama maji kwenye sahani.
Akaja asubuhi, mvi, koti la mvua,
akapiga noti moja. Ile.
"Otia," akasema, "ishushe kidogo."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Miaka arobaini na sita sijauharibu uzi kwa makusudi.
Nikatia ufunguo kwenye kigingi, mkono ukitetemeka kama wa mwizi mgeni.
Unywele mmoja tu.
Akapiga tena, akafumba macho,
akaketi kama mtu aliyefika usiku akakuta taa imeachwa ikiwaka.

Jioni wakakohoa, wakanyamaza.
Kidole cha nne kilikosea mara mbili, nilihesabu.
Lakini kila muziki ulipopita kwenye ile fa
nilisikia harufu ya mafuta ya taa.

Jumatatu gazeti likaandika: tamasha la heshima,
ingawa fundi wa piano, kwa masikitiko, amezeeka.
Nimekikata kipande hicho, nimekibandika karakanani,
juu ya kopo la nyundo kuukuu za ile piano ya shule.
Nimeitafuta ya fa. Haina kovu.
Laini, miaka yote hii.
Nami nilidhani ni woga.